Chapati Iliyoruka na Kisahani Kilichogoma

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, rubani mmoja alilazimika kutua kwa dharura ufukweni, upande wa Connecticut nchini Marekani. Alipokaribia mchanga akaona watu wawili waliokuja kuogelea wako mbele yake. Akaizuia ndege ghafla ili asiwagonge, ikapinduka chali. Ilikuwa ndege ya mbao na kitambaa, lakini rubani alitoka mzima na ndege yenyewe haikupata madhara makubwa.

Ndege hiyo, V-173 ya kampuni ya Vought, haikuwa na mabawa kama tunavyoyajua. Mwili wake wote ulikuwa bawa moja pana lililokaribia duara, na watu wakaibatiza jina la Chapati Inayoruka. Iliruka mara ya kwanza tarehe 23 Novemba 1942 mjini Stratford, ikaendelea kuruka karibu mara 190. Naileta mbele kwa sababu wapenzi wa ndege za umbo la sahani hubishana usiku kucha kuhusu mashine ambazo hakuna aliyethibitisha kuwa zilikuwepo, huku hii iliyoruka kweli ikipewa sentensi mbili tu.

Aliyeibuni ni mhandisi Charles Zimmerman. Kila ndege inaporuka, hewa ya chini ya bawa, yenye mgandamizo mkubwa, hutafuta njia ya kupanda juu kwa kuzunguka ncha ya bawa. Inajisokota kama maji yanayoshuka kwenye tundu la sinki, na msokoto huo hula nguvu za injini. Bawa likiwa fupi na pana, hasara inazidi, na ndiyo maana wengi waliona umbo la sahani halifai. Zimmerman aliweka rafadha mbili kubwa kwenye ncha zenyewe, kushoto na kulia, zikazunguka kinyume na msokoto ule ili kuupunguza. Papo hapo rafadha hizo zilipuliza hewa juu ya karibu mwili wote wa ndege. Kwa injini mbili za nguvu za farasi 80 tu kila moja, V-173 ilipaa baada ya kukimbia umbali mfupi, na palipokuwa na upepo wa mbele iliinuka karibu wima. Kwangu mimi huo ni ubunifu wa hali ya juu kabisa: tatizo na dawa yake vimekutana mahali pamoja, kwenye ncha ya bawa.

Jeshi la Wanamaji la Marekani likaagiza ndege kubwa zaidi ya kivita, XF5U. Hesabu za wabunifu ziliiahidi mwendo wa zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Lakini vita viliisha, injini za jeti zikaingia, na Machi 1947 mradi ukafutwa kabla ndege haijawahi kuruka ipasavyo. Miezi mitatu baadaye, tarehe 24 Juni, Kenneth Arnold alitangaza kwamba ameona vitu tisa vya ajabu vikienda kasi karibu na Mlima Rainier, na magazeti yakazua jina la visahani vya angani. Wapo waliomnyoshea kidole Zimmerman. Tarehe zinawakatalia: mradi wa XF5U ulikuwa umeshafutwa.

Kisa cha Kanada ni kinyume chake. Huko Malton, karibu na Toronto, mhandisi John Frost wa kampuni ya Avro Canada aliunda sahani halisi, Avrocar, yenye kipenyo cha mita 5.5, kwa fedha za jeshi la Marekani. Weka mgongo wa kijiko kwenye maji ya bomba: maji hayaanguki moja kwa moja, bali yananata na kufuata mkunjo wa kijiko. Hewa nayo hufanya hivyo. Frost aliweka feni kubwa katikati ya sahani, akaisukuma hewa hadi ukingoni, akitaraji ifuate mkunjo na kushuka chini ili kuibeba mashine.

Mwaka 1959 iliinuka. Ilipokuwa karibu na ardhi ilikaa juu ya mto wa hewa, vizuri tu. Ilipokaribia kimo cha mita moja, mto ule ulivunjika na mashine ikaanza kuyumba huku na huku, kama mfuniko wa sufuria uliodondoka sakafuni. Wabunifu walikuwa wameota kilomita 480 kwa saa. Ilifikia takriban 56. Desemba 1961 ikafungwa.

Hapa ndipo mabishano yanapochemka. Wengine husema Avrocar ilikuwa pazia la kuficha kitu cha siri zaidi. Wengine husema kompyuta za leo, zinazorekebisha usukani mara nyingi kwa sekunde, zingeituliza. Hoja ya pili naiheshimu kwa kuwa inaweza kupimwa, ingawa kompyuta haiongezi nguvu ya kuinua pale ambapo hewa yenyewe haitoshi. Kuhusu sahani za siri za Ujerumani ya Hitler, madai yalianza kuchapishwa magazetini mwaka 1950, miaka mitano baada ya vita, bila mchoro wala kipande cha bati cha kuyathibitisha. Kilichothibitika Ujerumani ni AS-6 ya mkulima Arthur Sack, ndege ya duara iliyojaribiwa mwaka 1944 na kuishia kurukaruka kidogo tu uwanjani.

Kinachoniuma ni XF5U. Ilipoamriwa ivunjwe, mwili wake ulikuwa mgumu kiasi kwamba walilazimika kuuponda kwa tufe la chuma la kubomolea majengo. V-173 ilinusurika ghalani. Wastaafu wa Vought huko Texas walijitolea miaka kadhaa kuikarabati, wakivuta kitambaa kipya juu ya mbao za zamani, na leo imesimama katika jumba la makumbusho la anga mjini Dallas, pua ikiwa imeinuliwa juu kama ilivyokuwa kabla ya kupaa.