Askari Mwanafunzi na Baraza la Masomo

Juu ya kilima cha Naguru, kando ya barabara ya Katalima, yako makao makuu ya Polisi ya Uganda. Ukiteremka bondeni wafika Nakawa, na hapo Nakawa kipo Chuo cha Biashara cha Makerere. Kwa macho, konstebo akaaye Naguru yu jirani wa chuo; aweza kufika darasani kwa miguu bila kutokwa jasho. Lakini umbali baina ya askari na elimu haupimwi kwa maili. Jumatatu ana zamu ya usiku, Jumatano anaitwa kulinda mechi ya mpira kule Namboole, na kabla muhula haujaisha yaja barua ya uhamisho: aende Karamoja. Mwalimu hawezi kulisimamisha darasa zima kumngojea mtu mmoja, na ada iliyokwisha lipwa hairudi.

Ndiyo sababu askari wengi wameikimbilia elimu masafa, ile ambayo zamani iliitwa elimu kwa njia ya posta. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kutoa shahada kwa wanafunzi wa nje mwaka 1991, moja ya ualimu na moja ya biashara. Mwanafunzi alipewa vijitabu vyake akaenda navyo kazini, akaja chuoni kwa vipindi vifupi kufundishwa ana kwa ana, kisha akarejea alikotoka. Mpango huo uliwafungulia mlango watu wasioweza kuacha mshahara ili wakakae bwenini. Ila ulikuwa na upungufu mmoja ambao kila aliyepata kusoma peke yake anaufahamu: kijitabu hakijibu swali. Mtu hukwama ukurasa wa ishirini, hana wa kumwuliza, hukifunga, na mara nyingi hakifungui tena.

Upungufu huo ndio uliotarajiwa kuondolewa na mijadala ya mtandaoni. Makerere ina jukwaa lake la masomo liitwalo MUELE, lililojengwa kwa programu ya Moodle, na walimu wasio na jukwaa hutumia makundi ya WhatsApp. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu lilitoa mwongozo wa kufundisha kwa mbali wakati wa dharura, na jambo lililokuwa la wachache likawa la wengi kwa ghafula.

Kwa bahati mbaya, kufungua kundi si kuendesha mjadala. Mwalimu huandika, “Jadilini sura ya tatu,” kisha hutoweka. Wanafunzi mia husalimiana, mmoja huleta kichekesho, mwingine tangazo la harusi, watatu hujibu swali, na waliosalia hunyamaza mpaka siku ya mtihani. Mtaalamu mmoja wa mambo ya kompyuta, Jakob Nielsen, aliandika mwaka 2006 kwamba katika makundi ya namna hii, kwa kawaida watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara chache, na mmoja ndiye asemaye karibu yote. Msomaji aliyepata kuingizwa katika kundi lolote la simu hatahitaji ushahidi zaidi.

Yafaa tukumbuke kwamba Afrika Mashariki ilikwisha kulitatua jambo hili kabla ya simu za mkononi. Mwaka 1973 jirani zetu wa Tanzania waliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana na kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Redio ilikuwa moja kwa nchi nzima, na haikuweza kumjibu mtu. Aliyewezesha mazungumzo ni kiongozi wa kikundi, na viongozi hao, wapatao 75,000, walipewa mafunzo kwanza. Hawakufundishwa kuhutubia. Walifundishwa kuuliza, na maswali yao yalihusu kijiji kile kile walichoketi: maji yetu yanatoka wapi, mbu wanazaliana wapi hapa petu?

Tofauti baina ya mjadala ulio hai na ule uliokufa huanzia hapo, kwenye swali. Tuseme mwalimu wa sheria anawauliza askari wanafunzi, “Eleza haki za mtuhumiwa.” Atapata majibu thelathini yanayofanana kama sare za paredi, kwa kuwa yote yamenakiliwa katika kijitabu kimoja. Tuseme badala yake anaandika hivi: mfanyabiashara ameleta kituoni kijana anayemshuku kumwibia simu, amemkamata mwenyewe saa nne asubuhi, akamfunga kamba, na kumkabidhi kwa ofisa wa zamu saa kumi jioni. Katiba ya 1995, ibara ya 23, inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita tangu kukamatwa. Je, saa hizo zinahesabiwa kutoka saa nne au saa kumi, na ofisa afanye lipi kwanza?

Hapo hakuna wa kunakili. Aliyeko Naguru ataandika kwamba mahakama iko karibu, hivyo hesabu hiyo haina uzito mkubwa. Aliyehamishiwa Karamoja atamkatalia: kwake gari ni moja, barabara hukatika wakati wa mvua, na saa sita zilizopotea zaweza kuifanya kazi yake yote kuwa kinyume cha Katiba. Aliyeko kituo cha mpakani ataongeza la kwake. Uhamisho uliokuwa ukivunja masomo sasa unayalisha, maana kila mmoja analeta mezani kitu ambacho pengine mwalimu mwenyewe hajakiona. Kazi ya mwalimu ni kuwarejesha kwenye kifungu cha sheria wanapopotea, kuuliza “kwa nini?” pale jibu linapokuwa jepesi, na mwisho wa juma kuandika ukurasa mmoja wa yaliyokubaliwa na yaliyobaki na ubishi. Mjadala usiofungwa kwa maandishi humwacha mwanafunzi dhaifu akiwa na majibu kumi na asijue lipi la kushika.

Kwa askari kuna kikwazo kingine ambacho vitabu vya ualimu havikisemi sana, nacho ni cheo. Katika baraza la kambini twajua jinsi mambo yanavyokwenda: afande akisema, kilichobaki ni “Ndiyo, afande.” Katika kazi yetu utii huo una maana yake, maana amri haiwezi kupigiwa kura wakati risasi zinalia. Darasani, hata hivyo, unaua. Inspekta akitangulia kuandika jibu, makonstebo kumi na wawili watafuata na “Nakubaliana na afande,” hata kama afande amekosea. Dawa ni za kawaida. Wanafunzi waweza kuandikishwa kwa namba za usajili badala ya vyeo. Moodle nayo ina aina ya mjadala ambayo haimwonyeshi mtu majibu ya wenzake mpaka awe ametoa la kwake. Wakubwa wasilione jambo hili kuwa utovu wa nidhamu. Katika desturi ya mahakama za kijeshi za Waingereza, wajumbe walitoa rai wakianza na wa cheo cha chini kabisa, ili neno la mkubwa lisiwazibe wengine vinywa. Jeshi lenyewe lilikwisha kulijua jambo hili.

Juu ya hayo kuna suala la saa. Mwalimu anayeita wote wakutane mtandaoni saa mbili kamili usiku amekwisha kuwafungia nje walio lindoni. Wanajeshi wa Uganda wako Somalia tangu Machi 2007, na mwanafunzi aliyeko huko hawezi kuahidi saa. Swali na liwekwe Jumatatu na kubaki wazi siku saba. Mmoja atalijibu alfajiri akitoka zamu, mwingine adhuhuri, na mjadala utakuwa umewangoja wote wawili. Aliyeibuni Moodle, Martin Dougiamas, alikulia katika jangwa la magharibi mwa Australia, akasoma shule yake ya mwanzo kwa redio ya masafa mafupi na kwa vifurushi vilivyoletwa na ndege. Askari aliyewahi kukaa na redio ya upepo porini, akingojea sauti ya pili ijibu, atauelewa upesi moyo wa mtu huyo.

Gharama nazo hazidharauliki. Kuanzia Julai 2018 mtumiaji wa mitandao ya kijamii alitozwa shilingi 200 kwa siku, na Julai 2021 tozo hiyo ikaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na kodi ya asilimia 12 juu ya data. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa nchini kote. Mwalimu mwenye busara huendesha mjadala kwa maandishi matupu, si kwa video, na huwa na njia ya akiba, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu.

Hapana budi pia kusema wazi juu ya siri. Mfano wa mjadala uwe wa kutungwa. Jina la mlalamikaji halisi, jalada lililo mezani, picha ya kambi, idadi ya watu walioko kituoni, hayo hayana nafasi katika kundi lolote, hata likiwa la wanafunzi watupu. Mwalimu raia huenda asilijue hilo; mwanafunzi mwenye sare analijua, na asingoje kuambiwa.

Limebaki jambo la lugha. Kozi nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na mtihani hufanywa kwa Kiingereza, lakini askari wetu huamrishwa, hutania na hubishana kwa Kiswahili, lugha ambayo Katiba iliifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005. Konstebo anayeogopa kukosea Kiingereza mbele ya watu thelathini atanyamaza, na mwalimu atadhani hakusoma. Kwa maoni yangu, mjadala uruhusiwe kwa lugha zote mbili, na muhtasari wa mwisho wa juma uandikwe kwa Kiingereza cha mtihani. Mwalimu asiyejua Kiswahili hatakosa msaidizi. Kambini Naguru watu wa kumfasiria wamejaa.