Goti la Kijana Mwanamichezo: Yafaayo Kujulikana Kabla ya Kununua Dawa

Msimu wa mashindano ya UMISSETA unapokaribia, maduka ya dawa hupokea mteja wa aina moja: mzazi au mwalimu wa michezo anayetafuta kitu cha kumrudisha kijana uwanjani haraka. Goti limevimba tangu Jumamosi, na mchujo ni Alhamisi. Makala haya tumemwandikia mteja huyo.

Gegedu ni tabaka jeupe lenye utelezi linalofunika ncha za mifupa. Aliyekula paja la kuku amekwisha kuliona. Ni ule mwisho unaong'aa ambao wengi wetu hupenda kuutafuna. Ndani ya goti la binadamu, mbali na tabaka hilo, kuna vipande viwili vya gegedu gumu zaidi, vyenye umbo la mwezi mwandamo, ambavyo hupokea uzito wa mwili mchezaji anapotua au kugeuka ghafla. Hivyo ndivyo hupasuka mara nyingi mguu unapobaki chini na mwili ukazunguka.

Tabaka linalofunika mifupa halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa kukosa damu, jeraha lake halifungi kama la ngozi. Kwa kukosa mishipa ya fahamu, linaweza kuchubuka bila kuuma. Maumivu yanayosikika hutoka katika mfupa ulio chini yake au katika utando wa kiungo uliovimba. Kwa hiyo goti lililoacha kuuma si lazima liwe limepona. Vile vipande vya mwezi mwandamo vina nafuu kidogo, kwani ukingo wao wa nje hupata damu, na mpasuko wa hapo huweza kuunga, hasa kwa kijana.

Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu na uvimbe, lakini haziungi gegedu. Kijana anayemeza vidonge mchana ili acheze jioni hucheza juu ya jeraha ambalo sasa halisikii, na akizitumia kwa muda mrefu huweza kudhuru tumbo na figo zake. Kuhusu sindano ya ndani ya goti hatuna la kupunguza: isichomwe dukani kamwe. Vijidudu vikiingia ndani ya kiungo huweza kukiharibu kwa siku chache.

Kuna pia vidonge vya glukosamini, ambavyo huuzwa kwa bei kubwa na kwa maneno makubwa zaidi. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, ulihusisha wagonjwa 1,583 wenye magoti yaliyochakaa, wote wa miaka 40 au zaidi. Kwa jumla yao, glukosamini haikupunguza maumivu kwa kiwango cha kuizidi dawa bandia. Anayemuuzia mzazi vidonge hivyo ili viunge gegedu la mtoto wa miaka 15 anauza matumaini. Isitoshe, aina nyingi hutengenezwa kutokana na magamba ya kamba na kaa, hivyo mwenye mzio wa vyakula hivyo ajihadhari.

Fedha hiyo ingefaa zaidi kulipia uchunguzi wa daktari wa mifupa. Asisubiriwe kijana ambaye goti lake limekwama na halinyooki, limevimba katika saa chache baada ya kuumia, linalegea anapotembea, au haliwezi kubeba uzito wake. Picha ya eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi gegedu lenyewe. Picha ikiwa safi, isichukuliwe kuwa jibu la mwisho. Kipimo cha MRI huonyesha zaidi, lakini ni ghali, nacho kilipiwe baada ya daktari kulikagua goti kwa mikono yake. Kwa watoto ambao bado wanakua, kipande cha mfupa pamoja na gegedu lake huweza kuanza kulegea bila ajali yoyote. Kikigunduliwa mapema, wengi wao hupona kwa kupumzika miezi kadhaa bila kupasuliwa.

Upasuaji ukipendekezwa, mzazi aulize swali hili: kipande kilichopasuka kitashonwa au kitaondolewa? Kikiondolewa, kijana hurudi uwanjani mapema, lakini goti lake huelekea kuchakaa akiwa bado na umri mdogo. Kushona humweka nje kwa miezi mingi zaidi, na si kila mpasuko unashoneka. Jibu la daktari lisikilizwe kabla ya ratiba ya timu. Makadirio ya gharama, yakiwemo ya mazoezi tiba baada ya upasuaji, yaombwe kwa maandishi.

Aliyekwisha kununua dawa iliyotangazwa kuwa inaotesha gegedu upya atunze risiti na kasha lenye namba ya toleo, avilete katika ofisi yetu iliyo karibu naye. Kupokea malalamiko hakuna malipo.