Je, Wajua? Mbwa Hushtakiwa kwa Umbo Lake

Sheria ya mbwa hatari ya Uingereza, ya mwaka 1991, haijali mbwa amezaliwa na nani. Inatazama umbo. XL Bully, mmoja wa mbwa waliokatazwa, dume huanzia sentimita 51, kutoka ardhini hadi mabegani, jike 48. Kisha hukaguliwa kichwa, taya, kifua. Wazazi wake hata wakiwa wa aina inayoruhusiwa, akifanana na waliokatazwa basi naye kakatazwa. Ajabu zaidi, ni mwenye mbwa anayepaswa kuithibitishia mahakama kwamba mbwa wake si wa aina hiyo!

Tangu Februari 1, 2024, England na Wales, kumfuga XL Bully bila cheti cha ruhusa ni kosa. Mwenye cheti humhasi, na hadharani humfunga kamba na mdomo. Kumzalisha ni marufuku. Chihuahua mng'ataji hayumo kwenye orodha ya waliokatazwa, ingawa akijeruhi mtu, mwenye mbwa anaweza kushtakiwa.