Mkazo na Mnyumbuko: Istilahi Mbili za Fueli Yabisi ya Roketi

Neno mkazo limebebeshwa mengi. Mwanaisimu hulitumia kwa silabi ya pili kutoka mwisho. Fundi hulitumia kwa nguvu inayokilemea kitu, na mara nyingi pia kwa badiliko la umbo liletwalo na nguvu hiyo. Maana hizi mbili za fundi hazina budi kutengwa. Mfano tunao karibu: roketi za Scout zilizorushwa kutoka jukwaa la San Marco, pwani ya Ngomeni kaskazini ya Malindi, tangu 1967 hadi 1988. Mojawapo ilipeleka angani satelaiti ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970.

Hatua zote nne za Scout ziliendeshwa kwa fueli yabisi. Mafuta ya matangi ya Shimanzi yakipata joto huvimba na kupanda tangini, yakipoa hushuka, wala hayagombani na ukuta. Fueli yabisi ni chembe za amoniamu pakloreti na unga wa alumini, zilizoshikwa pamoja na mpira. Humiminwa, huivishwa kwa joto, ikagandamana na ganda. Ikipoa hutaka kusinyaa takriban mara kumi kuliko ganda la chuma, nalo likaizuia. Ufa ukitokea katika tundu la kati, eneo linaloungua huongezeka, shinikizo hupanda, na roketi yaweza kupasuka.

Mkazo, basi, ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo, na hupimwa kwa paskali. Mnyumbuko ni badiliko la urefu likilinganishwa na urefu wa asili: kipande cha milimita 100 kikifikia 103, mnyumbuko ni asilimia 3. Nalipendelea neno hili kuliko mvutano, kwani kitu kikibanwa nacho hunyumbuka. (Litamkumbusha msomaji mnyambuliko wa vitenzi, ujirani huo hauna madhara.)

Maabarani, kipande chenye kiuno chembamba huvutwa kwa kasi isiyobadilika hadi kikatike. Kikivutwa polepole hulegea. Kikivutwa upesi hukaidi. Tena, mnyumbuko ukishikiliwa palepale, mkazo hupungua wenyewe kadiri saa zipitavyo. Jambo hili halisemeki kwa istilahi moja.

Ndani ya roketi yenyewe, kipimio cha waya kigandishwacho juu ya chuma hakifai: ni kigumu kuliko fueli, na huizuia kunyumbuka mahali hasa panapopimwa. Kwa hiyo vipimio vidogo vya kiwambo huwekwa mpakani mwa fueli na ganda kupima mkazo. Mnyumbuko hutafutwa tunduni, kwa kuangalia kipenyo kilivyopanuka.

Ama kwa silabi, tunalo neno shadda, na wanaisimu wakilishika watawaachia wahandisi mkazo wao.