Kibao kinaposema 30, kinamwambia shofere nini?

Leo tunaomba tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliona ni la mashofere na polisi wa rulaji peke yao: mwendo wa magari na pikipiki barabarani. Sisi pia tulifikiri hivyo, mpaka siku jambo hilo lilipotugusa shuleni kwetu.

Hapa Uvira barabara kubwa ni moja, ile ya taifa nambari 5. Inatoka Bukavu, inapita Kamanyola na bonde la Ruzizi, inaingia kwetu kwa upande wa Kavimvira, inakata mji wote mpaka Kalundu, kisha inaendelea kuelekea Baraka. Upande mmoja tuna mlima, upande mwingine tuna ziwa. Kwa hiyo kila kitu kinapita palepale: lori za mizigo, bisi, pikipiki, baiskeli, mama mwenye beseni la ndagala kichwani, na watoto wa shule.

Shule tunayofundisha iko kando ya barabara hiyo, na nyumba za wanafunzi wengi ziko ng'ambo yake. Muhula uliopita, siku ya soko, saa moja na dakika kumi asubuhi, mtoto wa mwaka wa tatu aligongwa na pikipiki mbele ya lango letu. Mguu ulivunjika mahali pawili. Tunamshukuru Mungu, mtoto yu hai.

Motari hakukimbia. Alikaa chini kando ya barabara, mikono ikimtetemeka, akarudia maneno yaleyale: "Mwalimu, nilimuona. Nilimuona kabisa! Nilikamata freni, lakini pikipiki ilikataa kusimama."

Tulimkasirikia sana siku ile. Lakini maneno yake yalibaki nasi. Ikiwa alimuona mtoto, na freni zake zilikuwa nzima, kwa nini hakusimama?

Somo la kamba

Juma lililofuata tulichukua swali hilo tukalipeleka katika hesabu za mwaka wa sita. Tuliwauliza wanafunzi: mtu anayekwenda kilometa 60 kwa saa, anapita mita ngapi kwa sekunde moja? Waliandika ubaoni: mita 60,000 kugawanya kwa sekunde 3,600. Jibu ni karibu mita 17. Na anayekwenda kilometa 30? Nusu yake, kidogo zaidi ya mita 8.

Sasa sikilizeni vizuri. Shofere anapoona mtoto, gari halianzi kusimama palepale. Kwanza jicho linaona, kisha akili inaelewa, kisha mguu au mkono unatafuta freni. Kazi hiyo inachukua kama sekunde moja kwa mtu mwenye akili iliyotulia, asiyekunywa pombe, asiyeshika simu. Katika sekunde hiyo gari linaendelea na mwendo wake wote. Kisha freni zinapokamata, gari bado linahitaji nafasi ya kupunguza mpaka lisimame.

Tulitafuta kamba, tukaipima mita 10 na kuifunga mafundo kila mita moja. Tukatoka na watoto, tukakaa pembeni mwa barabara, mbali na magari, tukaweka mawe meupe kwenye majani. Jiwe la kwanza: hapa shofere ameona mtoto. Kwa kilometa 30, kwenye lami kavu, anapita kama mita 8 kabla ya kugusa freni, kisha mita 5 au 6 za kusimama. Jumla kama mita 14. Kwa kilometa 60, anapita mita 17 kabla ya kugusa freni, kisha mita 20 au zaidi za kusimama. Jumla mita 37 hivi.

Watoto walinyamaza walipoona mawe. Mmoja alionyesha kwa kidole akasema: "Mwalimu, huyu wa 30 amesha simama hapa. Lakini huyu wa 60, hapa bado hajakamata freni hata kidogo!"

Ndivyo ilivyo. Mahali ambapo wa 30 amesimama na kumwambia mtoto "pita, mwanangu", wa 60 anafika na mwendo wake wote. Hapo tulielewa maneno ya yule motari. Hakudanganya. Alimuona mtoto kweli, na freni alikamata. Lakini mita alizohitaji hazikuwepo tena. Alikuwa amezitumia kabla hajamuona.

Angalieni pia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ya freni haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne: kutoka mita 5 mpaka mita 20. Na nguvu ya kugonga ni vilevile, mara nne. Kugongwa na kitu kinachokwenda kilometa 30 ni kama kuanguka kutoka juu ya paa la nyumba ya kawaida, mita tatu na nusu. Kugongwa kwa kilometa 60 ni kama kuanguka kutoka kilele cha mchikichi mrefu, mita 14. Kila mama anajua tofauti ya miti hiyo miwili mtoto wake akiipanda.

Kibao kinasema nini hasa?

Mashofere wengi tuliozungumza nao wanaelewa kibao cha mwendo kwa namna mbili. Wa kwanza wanasema ni mtego wa polisi wa rulaji: ukiona polisi punguza, ukimpita ongeza. Wa pili wanasema ni ruhusa: ikiwa kibao kinaandika 60, basi 60 ndiyo mwendo unaotakiwa.

Hakuna kati yao aliye sawa. Kibao cha mviringo chenye ukingo mwekundu na nambari nyeusi katikati kinaonyesha mwisho. Ni mwisho wakati kila kitu ni kizuri: mchana, lami kavu, gurudumu zima, mzigo wa kawaida. Mvua ikinyesha, vumbi likifunika njia, giza likiingia, au lori likiwa limebeba tani nyingi, mwendo unaofaa uko chini ya nambari hiyo. Na pasipo na kibao, haina maana kwamba kila mmoja akimbie apendavyo. Shofere anapaswa kuendesha kwa namna ya kuweza kusimama ndani ya nafasi anayoiona mbele yake. Sheria yetu ya barabara, ile ya tarehe 30 mwezi wa nane mwaka 1978, haikuandikwa kwa ajili ya kumsumbua shofere. Iliandikwa kwa sababu barabara ni ya wengi.

Duniani kote watu karibu milioni 1 na laki 2 wanakufa barabarani kila mwaka, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani. Zaidi ya nusu ni watu wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki, yaani watu kama sisi. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29, ajali ya barabarani ndiyo inayoua wengi kuliko ugonjwa wowote. Mwezi wa pili mwaka 2020 wajumbe wa nchi nyingi walikutana Stockholm, nchini Sweden, wakakubaliana kwamba mahali magari na watu wa miguu wanapochanganyika, mwendo usipite kilometa 30 kwa saa. Nambari hiyo haikuokotwa hewani. Inatoka katika mawe meupe yaleyale.

Sisi wa bonde la Ruzizi tuna sababu yetu pia ya kulisikiliza jambo hili. Hatujasahau Sange, tarehe 2 mwezi wa saba mwaka 2010, lori la mafuta lilipopinduka katikati ya makao ya watu, moto ukawaka, na zaidi ya watu 200 wakafa. Tangu siku ile hakuna anayeweza kutuambia kwamba namna lori linavyopita katika kijiji ni shauri la shofere peke yake.

Shofere yuleyule, barabara mbili

Wengine watasema: mashofere wetu hawawezi kubadilika. Sisi tunakataa. Wale kati yetu wanaokwenda Bukavu kwa kupitia Rwanda, kwa Bugarama na Kamembe, wanajua. Shofere anayeruka kama mshale huku bondeni, akivuka mpaka tu anakuwa mtu mwingine. Anatazama vibao, anapunguza kwenye matuta, anangoja watu wavuke. Kule kuna kamera zinazopima mwendo, na magari ya abiria yanawekwa chombo kinachozuia gari kupita kilometa 60 kwa saa. Mkono ni uleule na mguu ni uleule. Kwa hiyo anaweza. Swali ni kwa nini kwetu hataki.

Tuliwaita wenye pikipiki na mashofere wachache wa bisi kuja kuketi na chama chetu, tukawauliza swali hilo bila matusi. Walijibu wazi. Kijana mmoja alisema: "Mama, pikipiki si yangu. Kila jioni lazima nimpelekee mwenyewe pesa yake. Nisipofanya safari nyingi, nalala bila chakula." Mzee mmoja wa bisi akaongeza: "Na abiria wenyewe ndio wanaopiga kelele. Nikienda polepole wananiita mzee aliyechoka, kesho wanapanda gari lingine."

Tulichukua chaki tukafanya hesabu pamoja nao. Mbele ya shule mbili zinazofuatana kuna kama mita 300. Kwa kilometa 60, unazipita kwa sekunde 18. Kwa kilometa 30, sekunde 36. Faida ya kukimbia mbele ya watoto ni sekunde 18. Kijana alicheka, akasema kumtafuta abiria wa kurudi naye kunamchukua muda zaidi ya huo. Lakini tuliwaambia pia kwamba tumewasikia: wenye pikipiki wanaodai pesa nyingi kila siku nao wana sehemu yao katika ajali hizi, na baadhi yao ni jamaa zetu.

Mama aliyesema "kimbiza"

Ndipo mwanachama mmoja, aliyekaa kimya tangu mwanzo, akasimama. Ametupa ruhusa ya kuandika haya bila jina lake.

Alisema: "Dada zangu, pikipiki iliyomgonga yule mtoto, mimi ndiye niliyekuwa nimekaa nyuma. Nilikuwa nimechelewa soko. Kijana alipunguza mbele ya shule, nami nikampiga begani nikamwambia, 'Kimbiza, mwanangu, samaki wangu wanaharibika.' Alinitii kwa sababu mimi ni kama mama yake."

Hakuna aliyejibu. Wengi wetu tulitazama chini, kwa sababu kila mmoja alikumbuka asubuhi yake aliyosema neno hilo hilo. Tumezoea kumlaumu motari, naye anastahili lawama, maana mshipi wa gesi uko mkononi mwake. Lakini mara ngapi sisi ndio tunaonunua mwendo ule?

Mama huyo amekwenda mara tatu kumtazama mtoto nyumbani, pamoja na yule motari, na wamesaidiana gharama za matibabu. Mama wa mtoto aliwapokea. Hakuwaambia kwamba si kitu. Aliwaambia wakae.

Tunachoomba juma hili

Kwanza, tuamke mapema kidogo. Haraka ya barabarani mara nyingi inaanzia nyumbani.

Pili, tunapopanda, tuseme kabla pikipiki haijaondoka: "Mwanangu, mbele ya shule na soko uende polepole, nitakulipa vilevile." Mama akisema, kijana anasikia. Akikataa, tushuke. Pikipiki ni nyingi.

Tatu, tuwafundishe watoto kwamba shofere akituona haina maana anaweza kusimama. Mtoto angoje mpaka gari limesimama kweli, ndipo avuke, tena pamoja na mkubwa.

Nne, wenye pikipiki na bisi kati yetu na kati ya waume zetu, wapange pesa ya kila siku ambayo kijana anaweza kuipata bila kuhatarisha watu.

Tano, wakubwa wa mji tunawaomba vibao na matuta mbele ya kila shule. Barua yetu imekwisha andikwa. Anayetaka kutia sahihi aje mkutanoni.

Hatusemi kwamba mambo yamekwisha badilika. Asubuhi hii tulihesabu pikipiki zilizopita mbele ya lango. Baadhi zilipunguza, hata wawili walitupungia mkono, lakini nyingi zilipita kama kawaida. Mtoto wetu amerudi darasani kwa gongo. Anavuka akishikwa mkono na wanafunzi wa mwaka wa sita, ambao sasa wanashinda kuwaeleza wadogo habari za mita 14 na mita 37.

Kamba yetu iko kabatini, pamoja na mawe yake. Avenyu yoyote, kanisa lolote, chama chochote cha mamotari kinachotaka kuiazima, kije shuleni saa za mchana. Tutakuja nayo sisi wenyewe na kuwaonyesha.