Anayejitafuta anatafuta nini?

Muulize kijana wa Mbagala au Manzese, jijini Dar es Salaam, siku hizi anafanya shughuli gani. Awe ana kibanda cha chipsi, awe anaendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku, kuna uwezekano mkubwa akakujibu kwa neno moja: "Najitafuta." Akitajwa mwenzake aliyejenga au aliyefungua duka lake, husema, "Yule ameshajipata."

Wazee wengi hawalipendi neno hili. Mtu anajitafutaje ilhali yupo? Amepotelea wapi? Baadhi wanaliona kuwa kisingizio cha uvivu. Mimi nalitetea, na nitaanza na sarufi.

Kiswahili tulichorithi kina kujitafutia. Mtu hujitafutia riziki, hujitafutia makazi, hata matatizo hujitafutia mwenyewe. Ile -i- iliyokaa kabla ya irabu ya mwisho inadai kitu: sema "najitafutia" kisha unyamaze, msikilizaji atangoja umalizie. Vijana wameiondoa. Riziki imetoka kwenye sentensi, na mtafutaji amekaa mahali pake. Kujipatia nako yamekukuta hayo hayo: zamani mtu alijipatia mali, leo amejipata, basi. Kuondoka kwa sauti hiyo moja kumebeba jambo zito. Asiye na kipato hakosi hela tu. Kwenye kikao cha ukoo hupewa kazi ya kupanga viti, na shauri linapofika hakuna anayemuuliza. Kwa wakwe haendi. Ndugu wanapochangishana kwa ajili ya harusi, jina lake linarukwa, na kurukwa huko kunauma kuliko kudaiwa. Siku akipata, watu wale wale wanaanza kumwona. Kusema mtu huyo alikuwa anajitafuta ni kusema kweli tupu, na sioni kwa nini wahariri wa kamusi wasiipe maana hii nafasi yake.

Mkenya huenda akatatizika kidogo. Kwake mtu hujipata mashakani, hujipata mikononi mwa polisi, pale ambapo Mtanzania angesema "alijikuta". Mwambie mtu wa Nakuru kwamba fulani amejipata, naye anaweza kukuuliza: amejipata wapi?

Vitenzi vya kazi hii ya kutafuta tunavyo vingi. Polisi wakiingia nyumbani na hati, wanapekua. Aliyekimbia anasakwa. Umeme ukikatika unapapasa kiberiti juu ya kabati, na kuku uani wanachakura. Wasomi nao huchunguza na kutafiti, ingawa mgawo wa maneno hayo mawili umebadilika: chombo kilichokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, lakini leo taasisi za kilimo, uvuvi na wanyamapori zote ni za utafiti, na uchunguzi tumewaachia zaidi polisi na madaktari. Kutafuta kunavipita vyote kwa upana. Kunavumilia hata kutojua: mtu anaweza kutafuta kwa miaka kitu ambacho hana hakika kama kipo.

Mirerani, wilayani Simanjiro, watu wanaishi hivyo. Mwanaapolo, yaani mchimbaji anayeshuka chini kuifuata tanzanite, kwa mazoea ya huko hangojei mshahara wa mwezi. Mwenye mgodi humlisha, na mawe yakitoka wanagawana. Yasipotoka, amekula tu. Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo mwenye mgodi wake, aliiuzia Serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Nchi nzima ilimtaja, na alistahili. Lakini mashimo ya Mirerani yamejaa watu waliochimba kwa bidii ile ile bila kupata, na hao hawana picha gazetini. Ndiyo maana kati ya methali zetu mbili za kutafuta naiamini moja. Ile ya "atafutaye hachoki, akichoka keshapata" inaahidi mno. "Mtafuta cha mvunguni sharti ainame" inataja sharti tu. Haisemi kwamba utakikuta.

Na kuna kuinama ambako ni watu wengine wanaotuinamisha. Kijana ameingia ofisini na bahasha ya kaki yenye vyeti. Mkubwa anaipokea, anaiweka juu ya nyingine, anasema, "Nitafute wiki ijayo." Maana yake ni nipigie simu. Wiki ijayo simu inaita tu. Sasa kijana ana vitu viwili vya kutafuta, kazi na mkubwa, na nauli ni ile ile. Hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu watu haohao wenye simu zisizopokelewa ndio utawasikia wakilalamika kwamba vijana wa leo wanajitafuta bila kujituma.

"Nitakutafuta" ni neno jingine kabisa. Anayelisema amejitwika kazi ya kutafuta yeye, na aliyeambiwa anaruhusiwa kukaa akingoja. Vijana wanaijua tofauti hiyo vizuri. Aliyeambiwa "nitafute" anashukuru, anaanza kuulizia ofisi nyingine. Aliyeambiwa "nitakutafuta" habadilishi laini ya simu, hata miezi ikipita.