Mganga Hajigangi: Utamaduni wa Kazi na Hali ya Maafisa wa Ustawi wa Jamii Katika Wodi za Saratani

Utangulizi

Methali isemayo 'mganga hajigangi' aghalabu hutumiwa kumkebehi mjuzi anayeshindwa kujitendea lile awatendealo wengine. Hata hivyo, methali hiyo yaweza kufasiriwa kwa njia nyingine: kwamba mganga naye huugua, na akiugua ni sharti apatikane mganga wa pili. Fasiri hii ya pili ndiyo inayoyaongoza makala haya. Yanalenga kueleza hali ya kikazi ya maafisa wa ustawi wa jamii wanaowahudumia wagonjwa wa saratani hospitalini, vyanzo vya uchovu unaowakumba, na sababu zinazofanya tiba ya uchovu huo isiachiwe afisa peke yake.

Suala hili si dogo. Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, watu wapatao 42,000 waligunduliwa kuwa na saratani nchini Kenya mwaka 2020, na wapatao 27,000 wakafariki kutokana nayo. Daktari huushughulikia uvimbe; muuguzi hushughulikia kidonda na maumivu. Afisa wa ustawi wa jamii huachiwa yaliyobaki: nauli, malazi ya mgonjwa aliyetoka mbali, karo ya watoto, ugomvi wa ndugu kuhusu shamba linalotakiwa kuuzwa, na swali la nani atakayemweleza mama kwamba dawa hazifui dafu tena.

Chimbuko la Kazi Hii

Ili kuuelewa uchovu wa maafisa hawa, yafaa kuangalia kazi yao ilikoanzia. Mnamo mwaka 1895, Hospitali ya Royal Free mjini London ilimpokea Mary Stewart, afisa wa kwanza wa aina hii nchini Uingereza. Jukumu lake kuu lilikuwa kuwahoji wagonjwa ili kubainisha nani alistahili kutibiwa bure na nani alikuwa na uwezo wa kulipa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1905, daktari Richard Cabot alianzisha huduma kama hiyo katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, Marekani, kwa shabaha tofauti kidogo. Aliona kwamba maagizo ya daktari hayafai kitu iwapo hali ya nyumbani kwa mgonjwa haijulikani. Ida Cannon, aliyeiongoza idara hiyo kwa miaka mingi, aliijenga kazi hiyo ikawa taaluma kamili.

Kwa hiyo, tangu mwanzo afisa huyu amebeba dhima mbili zisizopatana kwa urahisi: kuupima mfuko wa mgonjwa na kuufariji moyo wake. Dhima ya pili ilipata nguvu zaidi kupitia kwa Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha afisa wa ustawi wa jamii hospitalini, kabla ya kusomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua Hospisi ya St Christopher mjini London, akifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa ni ya mwili, ya akili, ya kijamii na ya kiroho kwa pamoja. Hospisi ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1990, ilifuata misingi hiyo hiyo.

Nchini Kenya, dhima ya kwanza ilitiliwa mkazo serikali ilipoanzisha utaratibu wa kuchangia gharama za matibabu mnamo Desemba 1989. Mgonjwa wa hospitali ya umma asiyeweza kulipa huomba msamaha wa malipo, na afisa wa ustawi wa jamii ndiye humhoji, huchunguza hali ya jamaa yake, na kupendekeza asamehewe kiasi gani. Hata baada ya Bima ya Afya ya Jamii kuchukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, kiasi kinachogharimia matibabu ya saratani kina kikomo. Kikomo hicho kikifikiwa, mgonjwa hurudi kwenye meza ile ile.

Mizigo Mitatu

Mzigo wa kwanza ni majonzi. Matibabu ya saratani huchukua miezi, pengine miaka. Katika muda huo afisa humjua mgonjwa, mumewe au mkewe, na hata majina ya watoto wake. Mgonjwa anapofariki, jamaa hukaa matanga, majirani wakaja kuwapa pole na kuwapikia. Afisa hana matanga. Kitanda hutandikwa upya, na kabla ya jioni huwa amemkabili mgonjwa mwingine. Msomi wa Marekani Kenneth Doka aliyaeleza mwaka 1989 majonzi ya namna hii, yaani majonzi ambayo jamii haiyatambui kwa kuwa mhusika hahesabiwi miongoni mwa wafiwa. Majonzi yasiyopewa nafasi hayatoweki. Hurundikana.

Mzigo wa pili ni dhiki ya dhamiri. Dhana hii ilifafanuliwa na mwanafalsafa Andrew Jameton mwaka 1984 alipokuwa akiandika kuhusu wauguzi: mtu hujua lililo sawa kutendwa, lakini mpangilio wa taasisi humzuia kulitenda. Maafisa wa wodi za saratani huifahamu dhiki hii vyema. Fedha za msamaha zikiwa haba, kumsamehe mmoja kwaweza kuwa ni kumnyima mwingine. Zaidi ya hayo, jamaa wa mgonjwa huweza kuomba asitajiwe jina la ugonjwa wake, ilhali mgonjwa mwenyewe anamuuliza afisa huyo huyo, faraghani, kama atapona. Akisema, amewasaliti jamaa. Akinyamaza, amemsaliti mgonjwa.

Mzigo wa tatu ni wingi wa kazi usioonekana. Barua kwa chifu, simu kwa jamaa walio mashambani, kumtafutia mahali pa kulala mgonjwa anayehitaji mionzi kwa wiki kadhaa: shughuli hizi hazionyeshwi na kipimo chochote cha maabara. Kwa sababu hiyo, watumishi wa idara nyingine huweza kudhani kwamba afisa 'anazungumza tu'. Wahenga walilijua hili waliponena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mizigo hii ikikutana huzaa hali ambayo Charles Figley, katika maandishi yake ya mwaka 1995, aliieleza kuwa ni uchovu wa huruma. Afisa huanza kukosa usingizi, hukwepa vyumba fulani, huongea na wagonjwa kwa ukavu, na hatimaye huamini kwamba hakuna alifanyalo lenye maana. Hasara haiwi yake peke yake. Mgonjwa anayehojiwa na mtu aliyekauka moyo huficha shida zake, na aliyekosa nauli huacha matibabu kimyakimya.

Utamaduni wa Kujikaza

Jambo linalouzidisha uchovu huu ni utamaduni wa kazi wenyewe. Katika hospitali nyingi, mtumishi mwema husifiwa kwa kupiga moyo konde. Anayelia huonekana dhaifu. Anayeomba kupumzika huonekana mvivu. Na anayesema kwamba kifo cha mgonjwa kimemwumiza huambiwa kwamba bado hajaizoea kazi. Hivyo kila mmoja hujifunza kunyamaza, na kimya hicho humfanya kila afisa adhani kuwa ni yeye pekee anayeumia.

Inashangaza kwamba hali hii hutokea ndani ya jamii yenye msamiati mpana wa kufarijiana. Kiswahili kina 'pole na kazi', salamu inayokiri kwamba kazi huchosha na kwamba aliyechoka anastahili kutambuliwa. Afisa wa wodi ya saratani huwapa wengine pole kutwa nzima. Ni nadra kusikia wakuu wa taasisi wakimrudishia kwa dhati.

Mganga wa Pili

Mara nyingi tiba inayopendekezwa ni afisa ajitunze: afanye mazoezi, alale mapema, asali. Nasaha hizi ni njema, ila hazitoshi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliufafanua uchovu wa kikazi kuwa hali itokanayo na msongo wa kazini ambao haukudhibitiwa ipasavyo, wala halikuuita ugonjwa wa mtu. Ikiwa chanzo ki kazini, sehemu kubwa ya tiba ni sharti iwe kazini.

Mfano mmoja unapatikana katika hospitali ile ile ya Boston alikofanya kazi Cabot. Kenneth Schwartz, wakili aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1995, aliacha wasia kuhusu utu wa watumishi waliomhudumia. Kutokana na wasia huo vilianzishwa vikao ambavyo daktari, muuguzi, afisa wa ustawi wa jamii na hata mfagizi huketi pamoja kwa muda wa saa moja hivi na kuzungumzia jinsi kazi ilivyowagusa. Hakuna anayetakiwa kutoa suluhisho. Vikao hivyo vilifika Uingereza mwaka 2009 na vimeenea katika hospitali nyingi.

Huenda ikadaiwa kwamba hospitali zetu hazina fedha za mambo kama hayo. Dai hili lina ukweli kwa upande mmoja: kuongeza idadi ya maafisa kunahitaji bajeti, na hakuna kikao kinachoweza kuziba pengo hilo. Lakini kikao cha saa moja kinahitaji chumba na ruhusa tu. Uamuzi wa msamaha wa malipo waweza kufanywa na kamati badala ya kumwelemea mtu mmoja. Msimamizi aliyebobea aweza kumsikiliza afisa mchanga kila wiki, na aliyefiwa na mgonjwa wa muda mrefu akapewa walau saa chache kabla ya kukabidhiwa mwingine.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba uchovu wa maafisa wa ustawi wa jamii katika wodi za saratani unatokana na majonzi yasiyotambuliwa, dhiki ya dhamiri na kazi isiyoonekana, na kwamba utamaduni wa kujikaza huuficha badala ya kuuponya. Wengi wao hubaki kazini kwa sababu wanaiona thamani yake: mgonjwa aliyerudi kumaliza matibabu, jamaa waliopatana kabla ya mauti. Thamani hiyo ndiyo iliyo hatarini. Wahenga walisema pia kwamba kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Hawakumlaumu kinyozi kwa hilo. Walimwelekeza kwa kinyozi mwenziwe. Ni wajibu wa hospitali kuhakikisha kwamba mwenzi huyo yupo.